Kwa Mama Naliaka, Kuhusu Kabati la Vitambaa

Mama Naliaka,

Ulinifundisha kwamba barua isiyouliza hali ya mtu ni risiti tu, si barua. Sasa nikuulize nini? Nimekaa hapa kwenye kiti chako, kile chenye mguu uliofungwa kwa waya, na mstari wa kwanza nimeufuta mara tatu. Basi nitakuambia yangu. Mwende wako ni mzima. Nimechoka tu. Nikiamka asubuhi mabega yananiuma kana kwamba nilibebeshwa magunia ya viazi, na hata kazi sijaanza.

Ni miezi saba tangu tukusindikize kwenu Bungoma. Kangemi ni ileile. Wamepaka ukuta wa zahanati rangi, na choo cha nyuma hatimaye kimepata mlango, ule uliouomba mpaka ukaacha kuuomba. Mama wa chapati pale getini bado husahau. Huniuliza, "Na Madam wako leo amechelewa?" halafu anajishika mdomo, ananiongezea chapati moja. Nimenenepa kwa ajili yako.

Lakini sikukalia kiti hiki nikuandikie habari za choo. Nakuandikia kwa sababu kabati limefunguliwa, na aliyelifungua ni mimi.

Nakumbuka siku uliyonionyesha kabati hilo. Nilikuwa nimetoka chuo na cheti changu cha utunzaji wa kumbukumbu, nimekitoa nakala tano, nikidhani nitakuta kompyuta. Nikakuta kabati la chuma la kijani, mkasi wa fundi cherehani, na gunia la mabaki ya vitambaa uliyoyaomba kwa mafundi wa nguo sokoni. Ukaniambia hii ndiyo kliniki ya Alhamisi, ya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na kwamba humu hakuna jina la mtu. Mgonjwa akija mara ya kwanza anaingiza mkono guniani, anachagua kitambaa anachokipenda. Unakikata vipande viwili. Nusu moja unaibana kwa pini kwenye faili, nusu nyingine anaenda nayo na kuificha anapopajua mwenyewe. Siku ya dawa anakiweka kitambaa chake mezani, unalinganisha, unatoa faili, basi. Hakuna kumwita mtu kwa sauti mbele ya foleni, hakuna orodha ukutani, hakuna kikaratasi cha kuanguka njiani kikaokotwa na jirani. Na mtu akihama au akifa, nusu yake ikiturudia, unazishona zote mbili pamoja kwa uzi mweusi, unaenda kuziteketeza na faili kwenye kichomea taka nyuma ya zahanati. Ndiyo maana kwetu kushonwa ni kumaliza.

Nilicheka siku hiyo. Nilicheka kweli, na hukukasirika. Ulisema tu, "Cheka, mwanangu. Ukimaliza ushike mkasi."

Nikaushika miaka tisa. Tukawajua watu wetu kwa vitambaa vyao. Kulikuwa na Mistari ya Bluu, aliyekuwa akija na mtoto mgongoni mpaka mtoto akaanza kuja kwa miguu yake. Kulikuwa na Mzee Drafti, anayevaa suti kila Alhamisi kana kwamba anakuja harusini. Na kulikuwa na Maua ya Njano, mwanamke mwembamba wa Kinoo anayeuza viazi na vitunguu kando ya barabara, aliyekuwa anafika kabla hatujafungua ili awahi kibanda chake. Ulikuwa ukimtania kwamba siku atakayochelewa tutatangaza redioni. Yeye alikuwa anacheka kwa kuziba mdomo kwa kanga, na mpaka anaondoka kile kicheko kilikuwa bado kinamtikisa mabega.

Sikatai kwamba utaratibu wako ulikuwa na mashimo. Unakumbuka kitambaa cha kijani, kile cha sare za shule? Wanawake wawili walikichagua, miezi imepishana, na hatukugundua kwamba kilitoka jora moja. Mmoja akapewa dawa za mwenzake. Uligundua saa kumi jioni ukirudisha faili kabatini. Ulibadilisha kandambili ukavaa viatu, ukachukua mkoba, ukaenda zako mpaka Kinoo kwa miguu, kwa sababu kitu pekee ulichojua juu ya yule mama ni kwamba aliwahi kusema anauza mahindi karibu na daraja la waenda kwa miguu. Ulimpata. Ulirudi vidole vimevimba, na tangu siku hiyo hukukata tena kitambaa kwa mkato ulionyooka. Ulikuwa unaupinda mkasi hivi na hivi, kila kitambaa na mpindo wake, hata jora liwe moja nusu isikubaliane ila na mwenziwe. Nilipokuuliza kwa nini hukungoja kesho, ulinijibu ukiwa umeloweka miguu kwenye karai. "Kosa langu nalijua linakaa wapi. Naweza kulifuata kwa miguu."

Maneno hayo yananitembea kichwani siku hizi.

Halafu zikaja habari za kadi mpya. Kadi moja, namba moja, na nyuma ya namba hiyo kila kitu cha mtu: kuzaliwa kwake, shamba lake, ushuru wake, simu yake, hospitali zake. Tuliitwa pale ukumbini tutoe maoni, na watu wengi walikuja kwa sababu ya soda. Wewe ulikuja na sweta yako ya kijani ya kanisani, ukasimama, na mimi nikainamisha kichwa kwa aibu maana nilijua hutanyamaza. Ukawaambia hukatai kitambulisho, unacho, na kwenye picha umetoka umependeza. Watu wakacheka. Ukasema, "Lakini hiki ni cha kumwonyesha polisi barabarani. Si cha kumwonyesha damu yangu." Ukaendelea kwamba kila ofisi ikijua kipande chake, mlango mmoja ukiachwa wazi anaonekana mkono wa mtu, lakini wakiweka vyote mahali pamoja, siku hiyo anaonekana uchi. Yule bwana wa mbele akaandika kitu, akasema maoni yamepokelewa. Tukirudi nyumbani ukaniambia yamepokelewa kama mgeni anayekaribishwa sebuleni halafu mwenye nyumba anaendelea kutazama televisheni.

Sikukuambia wakati ule kwamba nilikuwa nimeshakata shauri kuichukua kadi yenyewe. Nilipanga foleni mwezi uliofuata. Nilikuwa nataka pasipoti ya dada yangu ishughulikiwe, na bila hiyo kadi yangu nilikuwa narushwa dirisha kwa dirisha. Nilikuficha. Kumbe na wewe ulikuwa na yako ya kunificha, lakini hayo nitayafikia.

Siku uliyoanguka ilikuwa Jumanne, unapanga faili. Upande wa kulia ukafa ganzi. Tukakufikisha hospitali kubwa ya rufaa kule Upper Hill, na kwenye dirisha la usajili wakataka kitambulisho chako na kidole gumba chako kwenye kioo. Nikaanza kubishana nao, jinsi ulivyonifundisha, nikiuliza kidole ni cha nini, kinaenda wapi, nani anakitunza. Foleni nyuma ikaanza kunong'ona. Na wewe pale kwenye kiti cha magurudumu, kwa ule upande wa mdomo uliobaki, ukasema, "Mpe kidole, Mwende. Nimechoka."

Nikakichukua kidole chako nikakiweka mwenyewe. Kilikuwa kizito. Nimejaribu kuelewa kwa nini sehemu hiyo inaniuma kuliko hata mazishi, na sijafika.

Siku nne baadaye walinikabidhi mfuko. Ndani mlikuwa na kandambili, Biblia isiyo na jalada, na kile kibeti chako cheusi. Kwenye kibeti kulikuwa na kitambulisho, na nyuma yake kipande cha kitambaa cha kahawia chenye vidoti vyeupe. Nilidhani ni mabaki ya gunia, maana mifuko yako yote ilijaa mabaki. Nikakiweka kwenye Biblia yangu kwa sababu kilinuka dawa yako ya kifua. Kitambulisho nilikipeleka kupata kibali cha mazishi. Karani akakichukua, akakitupa kwenye droo juu ya vingine, na picha yako ikabaki inatazama juu. Umependeza kweli kwenye ile picha.

Sasa nifike kwangu.

Mwezi wa nne baada ya mazishi walikuja watu kutoka ofisi moja ya Upper Hill. Mkubwa wao ni kijana mpole, ananiita Madam, anavua viatu hata pasipo zulia. Alikuja na laptopu na kimashine kidogo chenye taa nyekundu ya kusomea vidole. Akaniambia, "Madam, hii ni system tu. Ukiingiza namba ya ID kila kitu inajipanga. Data iko safe, usijali." Pamoja naye ilikuja barua. Kuanzia robo ijayo ya mwaka, dawa zitaletwa kwa hesabu ya walio kwenye mtambo tu. Asiyeandikishwa hana dawa.

Sista, muuguzi wetu mkuu, aliisoma barua akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi. Kisha akaniuliza, "Mwende, dawa zikikosa, watu tutawaambia nini?" Nilikutafuta kichwani, nikakukuta umelala. Basi Alhamisi iliyofuata niliwaambia walete vitambulisho vyao. Niliwaambia ni salama. Mama, niliwaambia hivyo kwa mdomo wangu, na waliniamini kwa sababu yako, si kwa sababu yangu.

Wengine waligeuka wakaondoka kimya. Maua ya Njano alikuwa wa kwanza kwenye foleni, kama kawaida yake. Akatoa kitambaa, akatoa na kitambulisho, akaweka kidole. Miaka yote hiyo, ndiyo siku niliyojua jina lake. Sitaliandika hapa.

Nikikueleza kilichotokea utasema ningekiona kutoka mbali. Nilipoingiza namba yake, mashine ilileta yenyewe laini zote za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho hicho. Zilikuwa tatu. Sikuuliza. Nilibonyeza kuendelea, kwa sababu nyuma yake walikuwa wengine na mimi nilikuwa nimechoka na nina njaa. Mashine ikachagua laini ya zamani kuliko zote. Na laini hiyo haikuwa yake. Alimsajilia mama mkwe wake miaka mingi iliyopita, mzee akiwa amepoteza kitambulisho na anataka simu. Ni nani kati yetu hajafanya hivyo? Mimi nimesajili ya mama yangu Makueni, ya kaka yangu, na ya jirani ambaye hata simwoni tena. Tukiombwa na mtu wa kwetu tunatoa kitambulisho, tunaenda zetu, tunasahau.

Mama mkwe anakaa ploti ileile na yeye, nyumba za kupanga za Kinoo. Jumatano mashine ikatuma ujumbe wa kukumbusha, wenye jina kamili la mtu, jina la zahanati, na jina la dawa. Mzee hasomi vizuri. Alikuwa anateka maji kwenye bomba la ploti, akampa jirani simu amsomee. Jirani akasoma, na alisoma kwa sauti, maana mfereji ulikuwa unapiga kelele.

Alhamisi Maua ya Njano hakuja. Nilifungua mlango nikakuta kizingiti kitupu, na kwa mara ya kwanza nikakumbuka ule utani wako wa redio. Alikuja Jumatatu. Hakukaa, alisimama mlangoni ameshika mwimo kwa mkono mmoja. Akasema, "Mwende, uliniambia ni salama. Wamesoma jina yangu kwa mfereji, watu wote wakisikia." Hakupiga kelele. Ningependelea apige kelele. Akaondoka bila dawa, na mimi nikabaki nimeshika kalamu.

Nilipiga simu Upper Hill. Nikapewa namba ya malalamiko, ndefu kuliko namba ya kitambulisho. Nikamuuliza yule kijana ni nani aliyechagua laini ile, nimfuate niongee naye. Akasema kwa upole wake uleule, "Hakuna mtu, Madam. Ni system." Nilitaka kujua kosa linakaa wapi, nami nivae viatu nilifuate kama wewe. Nikaambiwa halikai popote.

Zikapita Alhamisi mbili. Nilijua kwa faili kwamba dawa zake zinaisha, na unajua mtu akizikatiza kinachofuata. Mashine ilikuwa imenipa jina lake, namba ya ploti, kila kitu. Ningeweza kumpata kwa dakika kumi. Lakini ningefika Kinoo nimuulizie kwa jina, mimi mtu wa zahanati, baada ya yale ya mferejini? Ningemaliza kazi ambayo ujumbe uliianza. Nilikaa nikakodolea macho kabati, nikajiuliza wewe ungefanyaje, na ndipo nilipofungua faili yake nikachomoa ile nusu ya kitambaa. Nikaibana kwa pini kwenye bega la koti langu, kama wanawake wa kanisa wanavyobana utepe siku ya sherehe. Nikaweka dawa kwenye kiondo, nikaenda kwa miguu. Yeye ndiye angenitafuta, akitaka.

Ilikuwa Jumamosi, na ile baridi ya Julai inayopenya mpaka kwenye meno. Barabara ya Waiyaki kwa miguu ni ndefu, Mama. Sijui uliwezaje na ule uzito wako, samahani. Nilifika Kinoo nikapita vibanda vyote polepole, nikiulizia bei ya vitu nisivyovitaka, bega mbele. Wauzaji walinitazama kama kichaa. Nilizunguka mpaka manyunyu yakaanza, na hakuna aliyenishughulikia. Nilirudi Kangemi na mafungu matatu ya sukuma wiki na dawa zote kiondoni. Nilikula sukuma wiki wiki nzima.

Jumamosi ya pili sikutaka kwenda. Nakuambia ukweli. Nililala nikitazama dari, nikajiambia nimeshafanya ya kutosha, nani angenilaumu. Kisha nikakumbuka karai na miguu yako ndani yake, nikaamka kwa hasira. Hasira yangu ilikuwa juu yako. Kufa ufe wewe, na kutembea nitembee mimi?

Nilikuwa nimeinama kwenye rundo la viazi, upande wa pili wa daraja, mbali na kibanda chake cha zamani. Mkono ukaja kutoka nyuma ya magunia ukaweka kitu juu ya viazi. Maua ya njano. Ule mpindo wa mkasi wako niliujua kabla sijaugusa. Niliinua macho, naye hakunitazama. Alikuwa anachagua viazi, anavipangusa udongo, kana kwamba mimi ni mteja kama mteja yeyote. Akakivuta kiondo changu, akatia viazi, na mkono wake ulipotoka ulikuwa na mfuko wa dawa, ukaingia chini ya aproni. Mtu aliyesimama hatua mbili kando asingeona lolote.

Nilimwambia pole. Nilimwambia kosa ni langu, si la mashine. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba amehama ile ploti na watoto, na mume hajasema anafuata wala hafuati. Nikadhani amekuja kuagana. Mjinga mimi, nikaichomoa ile nusu begani, nikamnyooshea aichukue, au anipe ya kwake nikazishone pamoja, niiteketeze faili, awe huru nasi.

Akaniangalia mara ya kwanza. "Usinishone, Mwende. Sijakufa."

Akakirudisha kitambaa chake kifuani. Akaniambia niirudishe hiyo nusu kwenye faili, kwamba Alhamisi atakuja, ila nitoe jina lake kwenye ile mashine. Nikakubali, na nikaja kujua baadaye kwamba sikuwa na uwezo wa kukubali. Kijana wa Upper Hill ananiambia naweza kurekebisha namba ya simu, naweza kurekebisha tarehe, lakini kufuta mtu hakuna mahali pa kubonyeza.

Basi niliacha kuandikisha. Sikutangaza, niliacha tu. Nikaanza kumwingiza mgonjwa mmoja mmoja chumbani, nafunga mlango, namweleza mashine inafanya nini na mimi nilimfanyia nini mtu mmoja ambaye simtaji. Halafu anachagua. Mzee Drafti alirekebisha tai yake akasema, "Mimi ni mzee, nani atanisengenya na marafiki wote wamekufa? Niweke." Nikamweka. Wengine wengi walikataa, na mmoja alilia kwa kuulizwa tu. Sista ameongea na hospitali moja ya misheni, watatugawia dawa za miezi mitatu kwa wale waliokataa. Baada ya hapo sijui, Mama. Sitakudanganya kwamba najua.

Wale wa Upper Hill walirudi na orodha yao kukagua kabati. Walitaka hata faili za waliofariki. Kijana akapitisha kidole kwenye karatasi, akaniuliza mbona faili namba moja haionekani. Hata mimi sikuwahi kuiona. Nikatafuta rafu zote, mwishowe nikavuta ile droo ya chini unayoweka mkasi, nikaikuta chini kabisa, imefungwa kwa gazeti la zamani. Nikafunua gazeti upande mmoja. Kitambaa kilichobanwa pale kilikuwa cha kahawia, chenye vidoti vyeupe, kama kile cha kibeti chako. Mkato wake umenyooka, wa enzi zile kabla ya kosa la sare.

Nilikaa chini sakafuni.

Sikuifungua. Labda ilikuwa ya mfano tu, ya kuwaonyesha wazee wa kanisa jinsi utaratibu utakavyokuwa, na ndani hamna kitu. Labda sivyo. Nilikumbuka ulivyokuwa ukinituma chai kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, hata tukiwa tumetoka kunywa chai, na ulivyokuwa ukifunga mlango nyuma yangu. Miaka tisa sikuuliza. Nilikumbuka na kidole chako nilichokiweka kwenye kioo, na kwamba hukunikataza. Laiti ungeniambia. Hapana. Nafuta hilo. Hukuwa na deni la kuniambia, na Naliaka wako pia sijamwambia kitu, wala sitamwambia.

Nilimrudia yule kijana nikamwambia faili hiyo imeshonwa. Akauliza maana yake nini. Nikamwambia maana yake imekwisha. Akaandika. Kwa kweli ilikuwa bado, kwa hiyo jioni nilileta kipande kilichokuwa kwenye Biblia yangu, nikatunga uzi mweusi. Mishono yangu ingekuchekesha, imepinda kama njia ya ng'ombe. Nikaiteketeza faili ikiwa kwenye gazeti lake, na nikasimama pale na kijiti nikichokoa mpaka likabaki jivu tupu. Moshi uliniingia machoni, na huo ndio udhuru nilioutoa Sista aliponiuliza.

Jumatatu nimeitwa Upper Hill, saa tatu asubuhi, nikaeleze kwa nini nazuia kazi ya serikali. Wameandika hivyo. Nitavaa sweta yako ya kijani, Naliaka alinipa. Inanipwaya mabegani. Sina hotuba kama zako, na naogopa kazi yangu, ada za mdogo wangu zinanitazama mimi. Nitawaambia yale ya mferejini, bila jina, nitawaambia waweke mahali pa kumfutia mtu. Halafu nitanyamaza nione. Nadhani watasema maoni yamepokelewa.

Alhamisi alikuja. Alifika kabla hatujafungua, nikamkuta kizingitini. Akaweka maua yake ya njano mezani, nami nikaleta nusu yetu, nikaisogeza mpaka mipindo miwili ikakutana. Sikumwita kwa jina. Nalijua, limekaa kichwani tangu siku ile, na nikimtazama linataka kutoka. Nimwonapo najilazimisha kuona maua tu.

Pumzika, Mama Naliaka. Umetembea vya kutosha. Ile mashine siwezi kuifuta, lakini kichwa changu ni changu, na hili moja nakuahidi: jina lake nitalisahau.

Mwende wako,
Kangemi